Mgeni wa Upande wa Kulia

Mdogo wangu aliiita figo yangu Mgeni. Alipozinduka baada ya upasuaji na kuambiwa imewekwa tumboni mwake, upande wa kulia, chini ya kitovu, jambo la kwanza alilosema lilikuwa, "Dada, huyu mgeni wako anakula nini?" Mkojo ulipoanza kujaa kwenye mfuko kando ya kitanda, akacheka huku ameshika mshono. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kashika jembe hata hajavua viatu."

Tangu hapo kila akicheka mkono wake ulikwenda pale, upande wa kulia. Na mimi kila alfajiri nilimshukuru Mungu kwa ajili ya jembe hilo.

Lakini ili Mgeni akae, ilibidi mwenyeji alegeze ulinzi. Mwili ukiona nyama isiyo yake huishambulia, kwa hiyo alimeza vidonge vya kuutuliza, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Daktari wa figo alimwonya ajihadhari na vidonda, na hasa maji ya samaki. Huo ulikuwa mtihani, kwa kuwa maji ya samaki ndiyo kazi yake. Alitunza farasi wa baharini katika kituo cha utafiti: chumba kirefu kisicho na dirisha, matangi ya kioo kila ukuta, pampu zikikoroma. Wakakubaliana avae glovu ndefu za kufika mabegani.

Mimi ni fundi cherehani, na jioni nasoma darasa la watu wazima. Tulipofika kwenye somo la urithi, jinsi maumbile yanavyotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, nilikwama, nikamfuata kazini anifafanulie. Alinisimamisha mbele ya tangi. Ndani, samaki mwenye kichwa cha farasi alikuwa amesimama wima, mkia umezungushwa kwenye unyasi, tumbo limetuna.

"Huyo mwenye mimba ni baba," alisema.

"Baba gani tena?"

"Jike humtilia mayai mfukoni, akaenda zake. Baba ndiye anabeba mpaka azae."

"Kumbe wanaume wa maana wapo, wamejificha majini."

"Usinitazame hivyo, dada. Mimi nimebeba figo tu."

Kisha akanieleza alivyofundishwa na mtafiti wao. Jenomu, yaani maelekezo yote ya kuujenga mwili, alisema, ni kama zile karatasi ninazokatia nguo. Karibu kila seli ya mwili ina seti nzima. Samaki hawa wamepotelewa na karatasi nyingi. Za meno hazipo, kwa hiyo hawana meno. Ya mapezi ya tumboni nayo haipo. Na zile za ulinzi wa mwili, baadhi zimepotea na nyingine zimebadilika.

"Fundi gani huyo anayepoteza karatasi hivyo?"

"Hupotea kwa bahati tu, vizazi na vizazi. Anayeweza kuishi bila hiyo karatasi, anazaa, na watoto wake hawana pia. Watafiti wanadhani ndiyo maana baba anaweza kubeba mayai ambayo nusu si damu yake, na mwili usiyakatae."

"Na hasara yake?"

Alijigusa upande wa kulia. "Ugonjwa ukiingia tangini, unawakuta mlango wazi."

Niliondoka na swali nililolipeleka kwenye sala: je, Mungu hujenga pia kwa kuondoa? Niliinuka na amani fulani. Haikudumu.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nampima shati. Nilipopitisha futi kwenye mkono wa kulia nikahisi vinundu chini ya ngozi, kimoja baada ya kingine, kuanzia kidoleni hadi karibu na kiwiko.

"Hii nini?"

"Mbu."

"Mbu anayepanga foleni?"

Akakaa chini. Yule baba wa tangini, alisema, alikuwa amejifunga mkia kwenye bomba la pampu, na mfuko wake ulikuwa unasuguliwa. Farasi wa baharini huwezi kumvuta. Huachia akipata kitu kingine cha kushika, na glovu inateleza. Kwa hiyo aliivua. Kidole kilikuwa na mkwaruzo mdogo.

"Alinishika kama mtoto, dada."

Daktari aliviangalia vinundu na hakutuficha. Vijidudu vya majini vilikuwa vinapanda kuelekea mwilini, na vingeweza kumuua. Dawa za kuviua zilikuwepo, lakini mwili uliotulizwa hivyo usingeweza kuzisaidia. Vidonge vya figo vingepunguzwa ili ulinzi uamke. "Tatizo ni kwamba ukiamka hauchagui adui," alisema. "Unaweza kuigeukia na figo."

"Basi usiguse vidonge," mdogo wangu alimwambia. "Kateni mkono. Figo si yangu, ni ya dada."

"Nilikupa," nikasema. "Sikukuazima."

"Dada, ulipasuliwa kwa ajili yangu."

"Na nilipasuliwa kwa ajili ya maiti? Kubali."

Alikubali, akitazama ukuta. Nilimsemesha kwa ukali, lakini moyoni nilikuwa naitaka figo yangu ipone kama mama anavyomtaka mwanawe aliye ugenini. Nilipopiga magoti sikujua niombe nini. Kuombea mkono ilikuwa kama kumfukuza Mgeni. Nikamwambia Mungu, "Unatujua."

Mkono ulipona polepole. Vinundu vilinywea, vikaacha makovu meusi. Lakini mkojo ulipungua, uso wake ukavimba, na kabla mwaka haujaisha Mgeni alikuwa ameacha kufanya kazi.

Sasa mdogo wangu husafishwa damu kwa mashine, na mimi hukaa kando yake na kazi yangu ya kushona mapajani. Juzi mtafiti alimpigia simu. Yule baba alibeba tena mimba, akazaa mamia. Asubuhi yake walimkuta amelala chini kabisa ndani ya tangi, amekufa, na watoto wengi wakamfuata. Waliobaki ni wachache, wameshikana mikia.

"Wanashikana wenyewe kwa wenyewe, kwa kukosa kidole cha mjinga," mdogo wangu alisema.

Akacheka. Mkono wake ukaanza kwenda upande wa kulia kama zamani, ukaishia njiani, akaurudisha juu ya shuka.