Cheti Alichokifuta Seon-ok

Uzembe Seon-ok hajui. Ule unadhifu wake ndio uliomponza.

Mwaka juzi mdogo wake Gil-pyo, fundi wa kreni kwenye kiwanda cha meli kule kusini, alimpigia simu.

"Dada, mabosi wanachungulia barua pepe zetu. Chukua kile cheti cha kidijitali cha bure, cha kufungia barua pepe zisisomwe na wengine. Nitakuwa nafunga barua zangu kwa cheti chako, na ufunguo wa kuzifungua unabaki kwenye kompyuta yako peke yake."

"Cha bure? Cha bure kina nini cha maana?"

"Andika anwani yako, watakutumia namba ya kuhakikisha, umemaliza. Kabichi yako ya kimchi ina kazi kuliko hii. Ila ukitunze."

Akakichukua. Gil-pyo akamwandikia, na picha juu: waya wa kreni umechakaa, msimamizi kaonyeshwa, kasema chapeni kazi. Seon-ok alimsihi aache kazi. Hakuacha.

Mwezi uliopita waya ulikatika, ukamuua. Kiwanda kikasema alizidisha mzigo mwenyewe, mjane wake asitarajie kitu. Seon-ok akamwambia wakili Tak asihangaike, ushahidi anao.

Leo wakili amekaa mezani kwake, chai ya shayiri inapoa. Seon-ok akabonyeza barua. Jina la Gil-pyo lipo, tarehe ipo. Chini yake, maneno machache tu: ufunguo haupatikani.

"Mama, cheti ulichopokelea hii kiko wapi?"

"Kiliisha muda, nikachukua kipya. Cha zamani nilikifuta."

"Ulikifuta?"

"Si ndivyo tunavyofanya na vyeti vya benki, vile vya kutumia akaunti mtandaoni? Kila mwaka unachukua kipya, cha zamani unafuta, mwizi asikipate. Nilifuta hadi kwenye flashi."

Wakili akavua miwani. "Cha benki ni cha kusaini tu, mama. Hiki ndicho kilichokuwa kinafungua."

"Basi tuombe kingine. Si ni bure?"

"Kipya hakifungui kilichofungwa kwa cha zamani."

"Na kompyuta ya Gil-pyo?"

"Wanayo wao, kiwandani."

 Seon-ok alikumbuka siku ile alivyofuta, akaifuta na meza kwa kitambaa, akajiona mtu makini.

Simu ikalia. Alikuwa mjane wa Gil-pyo.

"Wifi, imefunguka?"

Seon-ok alimtazama wakili. Wakili akainamisha macho kwenye chai.

"Bado kidogo, wifi," akasema. "Kompyuta yangu nzito. Inafunguka."