Mafuta ya Karafuu

Shifaa alipata alama mbaya za kemia muhula wa pili, na Mwalimu Fortunata hakumzungusha. Alimwambia yeye, kisha akanipigia simu akaniambia na mimi: mwakani darasa la kemia lina viti vichache, na kwa alama hizi mtoto ataenda darasa la biashara. Alimwachia mlango mmoja tu. Alhamisi asimame mbele ya wenzake na wazazi, afanye jaribio la kemia ya kaboni. Likifaulu, anabaki. Lisipofaulu, hakuna mjadala.

"Biashara si mbaya," nilimwambia Shifaa.

"Siitaki, mama. Nataka kemia."

"Basi futa machozi utafute jaribio."

Alichagua kutoa mafuta kwenye karafuu kwa mvuke. Unachemsha karafuu na maji, mvuke unayabeba mafuta, ukipozwa yanadondoka. Kisha unayapima kwa maji ya njano yenye chumvi ya chuma. Yakigeuka kijani, umeyapata. Niliona ni kazi ya jikoni, inawezekana.

Karafuu tulipewa na wifi yangu Rukiya, ambaye kazi yake hapa mtaani Satwa ni kusinga maharusi, kuwasugua mwili kwa viungo vya kunukia. Jumanne alasiri tukafanya majaribio nyumbani: karafuu na maji kwenye sufuria, bakuli katikati, mfuniko umepinduliwa, barafu juu yake. Rukiya alikaa mlangoni na kikombe cha chai akitoa amri.

"Hizo ni za Pemba, mwanangu. Huzipati popote."

Tulipofunua, bakuli lilikuwa na maji maangavu matupu, hayana hata doa la mafuta. Shifaa akatia yale maji ya njano. Yakabaki ya njano.

"Nimekosea mahali," alisema.

Niliinamia bakuli. "Mbona yananukia waridi?"

Rukiya akaanza kupuliza chai iliyokwisha kupoa.

"Wifi, hizi karafuu zimepita wapi?"

"Zimepita kwenye singo ya Nunu tu, yule bi harusi wangu wa juzi. Nilizichemsha na marashi ya waridi nipate maji ya kukandia, halafu nikazianika."

"Ukazianika?"

"Karafuu inatupwa? Kwenye pilau hakuna aliyewahi kulalamika."

"Kumbe ndiyo maana pilau lako lanukia bi harusi," nilimwambia.

Shifaa hakucheka. Rukiya akamwonea huruma. "Sikiliza, shangazi yako nikufunze. Duka la manukato wanauza mafuta ya karafuu. Siku hiyo tia matone mawili humo ndani kabla hawajaja. Nani atajua?"

Shifaa akanitazama. Niliona kabisa kwamba anataka niseme sawa.

"Hapana," nilisema. "Vaa viatu."

Kwenye duka la viungo nilimwonyesha namna ya kuchagua: unabinya karafuu kwa ukucha, ikitoka unyevu wa mafuta ni nzima, ikivunjika kavu iache. Tulibinya za gunia la kwanza, la pili, la tatu. Muuzaji alichoka.

"Madam, unanunua karafuu au unamtafutia binti mchumba?"

"Mchumba ningemwona haraka zaidi. Fungua lile gunia la nyuma."

Alhamisi nilikaa kiti cha mwisho darasani. Mvulana aliyetangulia, Waleed, alivuta uzi wa nailoni kutoka kwenye bilauri, ukatoka mrefu kama tambi, watoto wakapiga makofi. Kisha akaja wangu na chupa ya karafuu na maji, ya kahawia kama chai, akaiweka motoni na mrija wa kupozea mvuke.

Ilichemka. Ikachemka. Hakuna kilichodondoka.

"Shifaa, sukari umeweka?" mwenzake mmoja akauliza, wakacheka.

"Ya kwako nitaongeza chumvi," alimjibu. Akapita na sahani, akampa kila mtu karafuu moja abinye kwa ukucha. Wakawa wananusa vidole.

Mwalimu Fortunata alitazama saa. "Kipindi kinakwisha. Unaweza kuishia hapo."

"Siishii, mwalimu. Moto nimeuweka mdogo kwa woga." Akauongeza.

Nilikalia mikono yangu nisiinuke kumsaidia.

Tone la kwanza lilikuja jeupe kama tui. La pili likafuata, kisha yakawa yanakimbizana, na juu ya maji kukawa na vijidoa vya mafuta vinavyong'aa. Darasa zima likanukia karafuu, si waridi. Shifaa akanyonya doa moja kwa mrija, akaliyeyusha kwenye spiriti, akatia maji ya njano. Yakageuka kijani. Waleed alisimama juu ya kiti ili aone.

"Kwa nini kijani?" mwalimu akauliza.

"Mafuta yameshikana na chuma."

"Yanashikanaje?"

Shifaa aliweka mrija chini. "Hapo bado sijui. Ndiyo maana nataka kiti."

Mwalimu hakutabasamu. Aliinua ile chupa akayatazama masizi ya chini.

"Nani ataiosha hii?"

"Mimi."

"Ioshe vizuri. Ndiyo utakayotumia mwakani, mwaka mzima."

Nilichukua mkoba wangu nikaenda kazini.