Mungu wa Kisikini

Tsune alisimama nje ya kamba ya mabua ya mpunga, mikono kaificha makwapani, akitazama viazi vyake. Baridi ya usiku ilikuwa imeshababua majani yakawa meusi. Ikizidi kidogo tu, ardhi itakaza na viazi viharibike humo humo, na wanawe hawakuwa na kingine cha kula mpaka theluji iyeyuke.

Shamba lilikuwa la Bwana Kuramochi, kama kila kitu huku Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kilivyo cha mtu asiyeshika jembe. Lakini aliyeng'oa visiki ni Yasaku, mumewe Tsune. Yasaku huyohuyo alichonga kipande cha gogo, akakisimamisha juu ya kisiki, akasema mungu wa kwetu Toyama ametufuata. Walowezi wakamtolea kiganja cha mtama. Hekalu lilianza hivyo, basi. Mwaka huu Kuramochi akataka la fahari. Wapangaji wakatumwa kuukata mti wa kuchongea lango la hekalu, mti ukamwangukia Yasaku, akafa. Lango likachongwa kwa mti uleule, wakalinyunyizia chumvi kuliondolea mkosi wa kifo. Kisha wakazungusha kamba kupanua uwanja mtakatifu, na shamba likawa ndani.

"Bwana, nakuomba nivune tu. Asubuhi moja."

"Mama, wewe una msiba." Kuramochi alipenga kamasi. "Mwenye mkosi wa kifo haingii kwa mungu mpaka siku hamsini ziishe. Desturi hiyo. Mimi ni nani niivunje?"

"Hamsini! Si theluji itakuwa kiunoni?"

"Mlalamikie mungu."

"Mungu huyo nilimpikia mtama wewe ukiwa hujui hata njia ya kuja huku!"

"Ebo! Funga domo lako!" Huyo alikuwa Iwazo, jirani yake wa tangu Toyama. Siku hizi kapewa koti la usimamizi, basi kichwa kimevimba.

Siku ya sikukuu ya hekalu Kuramochi alivaa hariri akahutubia. Eti baba yake ndiye mwanzilishi, eti alimbeba mungu mgongoni akipasua msitu. Mgongo upi? Mzee yule alikuja barabara imeshalimwa, juu ya gari la farasi, blanketi magotini. Wapangaji waliijua kweli yote, wakainamisha vichwa, mabwege wakubwa.

Kisha wakala. Viazi vya moto, vya sadaka. Vibarua wa Kuramochi walikuwa wamevichimba ndani ya kamba tangu alfajiri, maana wao hawakuwa na msiba.

Iwazo akaja kwenye kamba na bakuli la makombo.

"Bwana kakuonea huruma. Kawape watoto."

Tsune aliviangalia viazi vile. Alivijua. Akanyoosha mkono, Iwazo akalirudisha bakuli nyuma.

"Kwanza shukuru."

Tsune akapiga magoti kwenye matope yaliyoganda, akainama mpaka paji la uso likagusa chini, akasema asante.

"Paza sauti," Iwazo akasema. "Bwana yuko mbali, hasikii."