Majani ya Pindoni

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa, saa nne asubuhi. Mitungi ya oksijeni ilikuwepo stoo ya hospitali, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana stoo, na bwana stoo alikuwa kikaoni na wakubwa. Alipotokea, mdomo bado una makombo ya keki, mke wa fundi suruali alikuwa ameshafunikwa shuka.

Nyumbani, gauni la harusi la binti yao lilibaki kwenye cherehani ya marehemu. Mstari wa majani ya kutarizi ulikuwa umefika nusu ya pindo, uzi ukining'inia.

Miezi mitatu fundi hakuligusa. Zilipobaki siku mbili harusi ifike, akakaa kwenye kiti cha mkewe, akajaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa kilekile. Suruali zilikuwa zimemzoesha vibaya. Alikaza uzi, akavuta kitambaa kwa mikono miwili. Jani la kwanza likajikunyata. La pili, uzi wa chini, ule wa bobini, ukachungulia juu.

"Shemeji," alisema mdogo wa marehemu, ameegemea mlango, "unashona majani au unafunga mzigo?"

"Dada yako alinificha siri."

"Hakuficha, hukuuliza. Miaka ishirini na sita mmeshona mmepeana migongo." Akasogea. "Legeza uzi wa juu. Sindano mpya, nyembamba. Chini ya kitambaa weka karatasi, ndiyo itakishika kisijikunje. Ukimaliza unaichana. Na mikono iongoze tu, isivute."

"Karatasi gani?"

"Yoyote isiyo na kazi."

Fundi akavuta droo, akatoa barua ya hospitali. Ilikuwa na mistari minne. Binti yake alikuwa amemsomea mara tatu, na mara zote ilisema vilevile: malalamiko yamepokelewa, yanashughulikiwa, awe na subira.

"Shemeji, hiyo si ile..."

"Umesema isiyo na kazi."

Akakata sehemu ya mhuri, akageuza maandishi yatazame chini, wino usije ukachafua kitambaa cheupe. Akatandaza pindo la gauni juu yake, akaanza polepole, kanyagio likisogea kama mtu anayenyata chumbani kwa mgonjwa. Tak, tak, tak. Sindano iliitoboa barua neno kwa neno, na juu yake majani yakalala bapa, moja nyuma ya jingine, mpaka pindo likakutana. Akaichana karatasi vipande vipande. Mdogo wa marehemu aliviokota sakafuni.

Jioni binti alilivaa gauni, akageuka mbele ya kioo. Kisha akainama, akapitisha kidole pindoni.

"Baba, mama aliishia wapi?"

Fundi akavaa miwani, akapiga magoti. Akalizunguka pindo jani kwa jani, akarudi alikoanzia, akalizunguka tena. Majani yote yalifanana.

"Baba," binti alisema taratibu, "aliishia wapi?"