Kona Aliyoikandika Wepukhulu

Mzungu alipouza shamba lake hapa nje ya Eldoret akarudi kwao, sisi vibarua wake tulibaki. Tulisema Uhuru umekuja, nani atatufukuza tena? Leo asubuhi tajiri aliyelinunua ametuma watu watubomolee nyumba, na kiongozi wao ni Wepukhulu.

Wepukhulu! Alipotoka Bungoma bila hata blanketi, alilala kwangu, karibu na jiko. Majirani walipokuja kunisaidia kukandika nyumba hii, yeye ndiye aliyekanyaga udongo, kisha akakandika kona ya mlango. Alama za vidole vyake ziko pale mpaka leo.

“Mama, toa vyombo,” aliniambia, macho chini. “Mimi nimetumwa tu.”

“Sitoi hata kijiko!”

Aliwaonyesha vijana wake ukuta wa nyuma. Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka mlangoni, nikaubandika ukutani, vidole juu ya alama zake. Vilitoshea.

“Mkono huu ndio uliojenga hapa. Anza na kona yako basi, nikuone!”

Wepukhulu aliutoa mkono polepole, akaupangusa kwenye suruali, akainua sururu.