Vibati vya Miti Mikubwa

Mama yake alikamatwa asubuhi na mzigo wa kuni kichwani, matawi makavu yaliyojiangukia yenyewe. Mlinzi akamfungia kwenye stoo ya kituo cha utafiti wa msitu, katikati ya madumu na majembe. Binti yake, mpima miti wa kituo hicho, alimsikia akikohoa humo ndani.

Sheria aliijua. Ni yeye aliyetumwa kuwaeleza majirani kwamba gogo lililooza au tawi lililoanguka ni nyumba ya wadudu, uyoga na ndege, lisiguswe. Siku ile mama yake aliuliza, "Na sisi tunaopika, mmetuhesabu?" Watu wakacheka. Binti yake naye alicheka.

Mkuu wa kituo alikuwa anakunywa chai.

"Shikamoo, mkuu. Nimekuja kwa ajili ya mama."

"Marahaba. Mama yetu sote yule. Lakini sheria ni msumeno, binti yangu, hukata mbele na nyuma." Akamsogezea nyundo ya kung'olea misumari. "Nenda uwanjani kwanza. Kuna magogo, yatoe vibati vya namba kabla lori halijaondoka. Wafadhili wanakuja kesho."

Uwanjani alisimama mbele ya magogo. Ilikuwa miti yake, ile aliyoizungushia utepe wa kupimia kila mwaka tangu aajiriwe. Vibati alivipigilia kwa mkono wake.

"Nani kaikata?"

"Mimi nabeba tu, dada," dereva akasema. "Kibali kina muhuri."

Aling'oa vyote, akavipeleka ofisini.

"Sasa kavipigilie kwenye miti iliyobaki," mkuu akasema. "Utafiti lazima uendelee."

"Iliyobaki ni michanga, mkuu."

"Si itakua?"

"Na mama?"

"Maliza kazi, halafu tutazungumza."

Lori lilipiga honi. Mlinzi akakimbia kufungua geti, ufunguo wa stoo ukining'inia kiunoni, akampigia dereva saluti.

Mpima miti aliingia msituni, mfuko wa suruali umejaa vibati. Palikuwa na jua kali pale ambapo zamani hapakuwa na jua. Akachagua mti mwembamba kama mkono wa mtoto, akaweka kibati, akapiga nyundo. Msumari ukapenya, ukatokea upande wa pili. Akaipinda ncha yake ili kibati kisianguke, kisha akatia mkono mfukoni kutafuta kingine.