Sanduku la Spana za Maftaha

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Naapa kwa macho yangu mawili, hili lenye mtoto wa jicho na hili linalonisaidia, kwamba sikutia chumvi hata punje. Wanaonijua hapa Lindi watacheka, maana ni mimi niliyewaambia kuwa niliwahi kumvuta papa ufukweni kwa kamba ya kiatu. Ile ya papa tuiache. Hii ni habari ya Maftaha, mshona kanzu wa mtaa wetu enzi za Mwingereza, nayo haina papa.

Maftaha alipenda vitu viwili duniani, mkewe Siti na motokaa yake. Motokaa ilikuwa nyeusi, ya Kimarekani, kuukuu, yenye mlio wa mzee anayekohoa uani. Jioni akishafunika cherehani alivua kanzu, akavaa msuli mkuukuu na kuingia uvunguni. Fundi aliyemwonyesha kazi, Tomaso, alikuwa akija na spana zake mwenyewe na kuondoka nazo. Maftaha alikuwa na bisibisi moja na nyundo, na moyo mkubwa.

Kilichomtenganisha na mkewe kilikuwa sufuria. Kesho yake ilikuwa Maulidi, Siti akaenda kuchukua sufuria lake kubwa la wali, akalikuta limejaa mafuta ya taa, na ndani yake nati na boliti zimeloweshwa kama kunde.  Alilibeba mpaka shimo la taka akalimwaga lote. Maftaha alipoona, damu ikampanda, akatamka talaka. Alitamka moja tu, lakini aliitamka. Siti alifunga kanga zake, akapanda lori la kwenda kwao Somanga, naye Maftaha akashinda shimoni akiokota nati kwa vidole.

Tomaso alizirudisha zote mahali pake, akaaga, akahamia kwao Rondo kulima. Nyumba ikabaki na watu wawili, Maftaha na motokaa, na mmoja wao hakuwa mtu. Ndipo majuto yakaanza kumla. Alimshonea imamu kanzu yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Alipika wali akausahau motoni. Akisikia kanga inapeperuka kwenye kamba ya jirani aligeuka kutazama.

Eda ikawa inakwenda. Ilipokaribia mwisho, dereva mmoja wa lori alimletea maneno kutoka kwa Siti. Alisema eda yake haitavuka Alhamisi. Maftaha akifika kabla, yeye bado ni mkewe na atarudi. Ikipita, asijisumbue. Dereva akamwambia Maftaha apande, kesho alfajiri wanarudi kaskazini, kiti kipo. Maftaha akakataa. Alitaka Siti arudi ndani ya motokaa ileile aliyoiita balaa, akae mbele, Somanga nzima ione. Siku bado zilikuwepo.

Lakini njia ile haikuwa ya kwenda bila spana. Siku hizo mradi wa karanga kule bara ulikuwa umekufa, na vyombo vyake vilikuwa vikiteremshwa Lindi kuuzwa. Maftaha akaenda kwenye uwanja vilipouzwa. Muuzaji alikuwa Petro, mtu mpole wa sauti ndogo. Mbele yake palikuwa na gunia lililojaa spana za kila kabila, zenye kutu, zilizopinda, nyingine zimechongwa upya mdomo kwa tupa. Kando ya gunia palikuwa na sanduku la mbao. Petro alipolifunua, Maftaha alisahau kupumua. Spana zililala kwenye kitambaa cha kijani, kila moja kwenye kitanda chake, kuanzia kubwa kama mkono wa mtu hadi ndogo kama kijiko cha chai, zote zinang'aa.

Petro akamuuliza motokaa yake ni ya wapi. Maftaha akajibu ni ya hapahapa, mtaa wa pili. Petro akamshauri achague gunia, akae kivulini mchana kutwa, ajaribu moja moja, na mkononi awe na nati ya motokaa yake.

"Nati niitoe kwa nini," akauliza Maftaha, "na spana ndizo nilizokuja kununua?"

Waliosimama hapo wakacheka, naye akadhani wamecheka upande wake. Hata hivyo alijaribu. Pembeni palikuwa na lori la kuuzwa, akachukua spana moja ya sandukuni akaivisha kwenye nati ya gurudumu. Ilikaa kama kofia kwenye kichwa cha mwenyewe. Wakati huo tajiri mmoja wa Mingoyo alikuwa ameshaweka mkono juu ya sanduku, na huo mkono ndio uliomaliza maneno. Maftaha akalichukua. Petro akamwonea huruma, akatoa guniani spana moja ya kutu yenye mdomo unaopanuliwa na kubanwa, akampa bure. Maftaha akauliza inaitwaje. Petro akamnong'oneza jina la aibu ambalo mafundi wameipa, kwa kuwa haikatai nati yoyote. Maftaha akaitazama, akakumbuka kuwa anakwenda kwa wakwe, akairudisha guniani kwa ncha za vidole.

Sanduku alilibeba kichwani kwa barabara kubwa. Alipolifungua barazani, mng'ao wake uliruka uani mpaka jogoo wa jirani akawika saa nane mchana, na kuku wakatoka bandani. Watu walizipokezana zile spana kwa kitambaa. Kuzijaribu kwenye motokaa hakuzijaribu. Zingeingia mafuta.

Jumanne baada ya sala ya alfajiri aliondoka. Nyuma aliweka mchele na doti mpya za kanga. Mbele, mahali pa Siti, aliliweka sanduku. Mchinga aliipita akipiga honi. Mto Mbwemkuru aliuvuka salama. Kabla ya kufika Nangurukuru motokaa ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

Maftaha hakutishika. Ugonjwa huo aliujua. Uchafu umeziba bomba la petroli. Tomaso alikuwa akilegeza nati moja, anapuliza bomba, anakaza, wanakwenda. Akafungua sanduku kwa bismillahi, akatoa spana. Ikacheza kwenye nati kama kiatu cha baba kwenye mguu wa mtoto. Akachukua iliyofuata kwa udogo. Haikuingia. Akarudi kwenye ile ya kwanza, akageuza upande, akajaribu ya tatu, ya nne, akarudi tena. Baina ya spana mbili zile palikuwa na nafasi ndogo kama unene wa ukucha, na nati yake ilikuwa inaishi humo.

Basi akafanya la mshona kanzu. Alikata kipande cha kitambaa cha marekani, akakikunja, akakitia baina ya spana na nati. Ikashika. Akavuta. Kitambaa kikakatika, spana ikateleza, ngozi ya vidole ikabaki kwenye chuma, na pembe moja ya nati ikalainika.

Hapo ndipo walipomkuta vibarua wa barabara na nyapara wao Likwata, Mmwera mrefu aliyewahi kufanya kazi kule kwenye karanga. Likwata aliinama, akatazama sanduku, akatazama motokaa, akaguna. Akamweleza kuwa spana hizi ni za vyombo vya Mwingereza, na motokaa hii ni ya Mmarekani. Nusu inchi ya huyu si nusu inchi ya yule. Kule kwenye karanga kila upande ulikuwa na sanduku lake, na aliyeyachanganya alifukuzwa.

"Kumbe fundi," akasema, "mtu unampima mpaka shingo, mdomo wa spana ukaupima kwa jicho?"

Vibarua wakacheka, kisha wakaona uso wake, wakaacha. Wakakaa naye. Hakukuwa na gari lililopita, mvua ilikuwa imekata barabara huko nyuma. Wakampa ugali na samaki mkavu. Likwata, alipojua safari ni ya mke na eda, akamtolea baiskeli yake, apige pedeli afike, motokaa wataichunga wao. Maftaha alishika usukani wa ile baiskeli, akaipiga kengele yake mara moja, akairudisha. Akifika kwa baiskeli, na motokaa iko njiani imekufa, Siti atakuwa ameshinda.

"Nati moja tu hii, kaka," akasema.

Jumatano nzima ilikwenda kwenye nati moja. Walizungumza spana, wote, kwa zamu. Rashidi, mmoja wa vibarua, alisema iwekwe mchanga. Mwingine alisema ipashwe moto, wakamkemea, petroli ile. Maftaha alitumia spana kubwa na kabari ya mti. Akatumia meno ya koleo la vibarua, lililokuwa la kukatia waya. Kila jaribio liliondoa pembe, mpaka nati ikawa duara kama ushanga, haina pa kushikwa. Alhamisi asubuhi aliweka bisibisi kwenye nati akaipiga nyundo. Nati ilizunguka. Wakashangilia. Kisha wakaona kuwa imezunguka pamoja na bomba, na bomba limekatika, na petroli inamwagika mchangani. Maftaha alitia viganja viwili chini yake kuikinga. Alibaki vivyo hivyo, amepiga magoti, viganja vimejaa, hana pa kuitia, mpaka ikaisha kuvuja baina ya vidole.

  Kisha aliingia ndani ya motokaa akakaa kwenye kiti cha Siti, sanduku mapajani, na jua likamzunguka kutoka dirisha moja hadi la pili.

Lori lilipita Ijumaa. Somanga alifika watu wakitoka msikitini. Aliteremka na sanduku kichwani, na mama mkwe, aliyekuwa mlangoni, akadhani ni zawadi, akaenda kutandika mkeka. Mzee Bakary, baba yake Siti, akaja akifuta udongo miguuni. Maftaha akampa shikamoo, naye akaitikia marahaba polepole, kama mtu anayeahirisha neno. Wakakaa. Mzee akamwambia eda imekwisha jana alasiri.

Maftaha akaeleza yote. Mbwemkuru, bomba, nati, vibarua waliokaa naye tangu Jumanne. Mzee Bakary alisikiliza, halafu akauliza kama vibarua wale ni Waislamu.

"Wengi wao. Nyapara Likwata, na Rashidi, na wengine."

"Na kinywa ulikuwa nacho."

Maftaha hakuelewa.

"Mwanangu, kumrejea mke ni kutamka," mzee akasema. "Hapohapo ulipo. Ungesema nimemrejea mke wangu Siti, na wale wangeshuhudia, ungekuwa mumewe hata motokaa ingeozea pale. Ungekuja mwaka ujao, ungemkuta mkeo. Nani alikwambia lazima ufike?"

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa akiona tu watu wakienda, wakibisha hodi, wakimshika mke mkono.

"Siku tatu," mzee akasema. "Mlikuwa mkizungumza nini?"

"Spana," akajibu Maftaha.

Mzee Bakary akainamisha kichwa. Alimpenda mkwe yule, kanzu aliyovaa ilikuwa ya mkono wake. Akasema bado ipo njia moja, ndoa mpya, mahari mapya, lakini sasa Siti si mke wa mtu, ni lazima aulizwe. Akaingia ndani kuuliza. Maftaha akabaki mkekani anasikiliza sauti za nyuma ya mlango. Jibu alilitoa Siti mwenyewe, bila kutokea, kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Maftaha, ungewahi ningekuja. Mke anayerejewa haulizwi, na mimi nilikuwa tayari nisiulizwe. Sasa nimeulizwa. Basi hapana."

  Maftaha akamuaga mzee, akabeba sanduku lake, akatoka. Motokaa ile hakuifuata tena. Inasemekana miaka miwili baadaye mti ulikuwa umetokea sakafuni ukachungulia dirishani. Kanzu alizoshona tangu siku hiyo zilikuwa zimenyooka, hazina kosa, na hakuna aliyemwona akiimba juu ya cherehani. Na mimi naandika bila wasiwasi kwamba alipokuwa akiondoka pale mlangoni, nyuma ya pazia Siti alikuwa akilia mpaka kanga imelowa.

Haya niliyasoma barazani juzi, na aliyepinga ni Ziada peke yake, aliyekuwa akimnyoosha mjukuu wake miguu. Nilikuwa nimesahau, au nilijisahaulisha, kwamba Ziada ni binti wa Siti kwa mume wa pili.

"Babu, mama hakulia," akasema. "Alinihadithia mwenyewe. Alikuwa akichambua mchele. Alipojibu akaendelea kuchambua, na wali ukapikwa, wakala. Hilo chozi umelitoa wapi?"

Nikasema nilifikiri lazima lilikuwepo.

"Halikuwepo," akasema Ziada.

Barazani kwetu anayenaswa akitia chumvi ndiye anayenunua kahawa. Nikamwita muuza kahawa, akamimina kwa kila mtu, wa kwanza Ziada, nami nikalipa.